Mwisho Nilioutunga Bariadi

Mwezi uliopita nilikuwa Malampaka nasubiri lori la mchele linalokwenda Shinyanga limalize kupakia, mfuko wangu wa vitabu umeshatangulia juu yake. Niliingia kwenye mgahawa ulio karibu na stesheni, nikaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Binti wa mwenye mgahawa, sketi ya shule chini na fulana ya nyumbani juu, alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, anachambua mchele huku anasikiliza somo. Mimi nikisikia mtu anafundisha chochote, hata kufunga breki za baiskeli, masikio huenda yenyewe. Mwalimu wa kwenye simu alikuwa mwanamke. Alikuwa anaeleza tamthilia ya mlinzi wa ghala, na kila alipotaka kumtaja yule mlinzi alivuta kwanza pumzi kwa pua, pumzi fupi, kama mtu anayejiandaa kunyanyua ndoo. Chapati ikabaki mkononi. Pumzi ile ilikuwa yangu, na aliyekuwa anaitumia alikuwa Minza. Kwa zaidi ya miaka kumi sikujua kama Minza alifaulu kidato cha nne au alifeli. Nilichojua ni kwamba, kama alifeli, aliyemfelisha ni mimi.

Bariadi nilifika mwishoni mwa msimu wa pamba, nikiwa na miaka ishirini na nne, mfuko mmoja wa nguo na mwingine wa vitabu visivyo na majalada. Shule niliiacha kidato cha pili. Kwa nini, hilo nitalisema mahali pengine. Nilipakia pamba kwenye malori wiki chache, kifua kikakataa vumbi lake, nikapata kazi kwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye kadi, kwa kuwa kompyuta nilikuwa nimejifunza kwa kuangalia mikono ya watu wengine. Nilipanga chumba kwa Mama Sayi, mwanamke mwenye umbo kubwa na sauti ndogo. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vinavyotazama ua mmoja. Kimoja alilala mwenyewe, kimoja mimi, kimoja kilijaa magunia ya mahindi na baiskeli isiyo na mnyororo, na cha mwisho walipanga wanafunzi wawili wa kidato cha nne ambao kwao ni mbali na shule: Minza, kwao Zagayu, na Kabula, kwao Mkula. Walikuwa na kitanda kimoja, sanduku moja la bati, na ukutani kalenda ya mwaka uliokwisha, ambayo Kabula alikataa kuitoa kwa sababu ilikuwa na picha ya keki.

Nilikuwa nacho kitabu wasichokuwa nacho. Tamthilia ile ya mlinzi wa ghala ilikuwa kwenye orodha ya mtihani tangu kabla hatujazaliwa, lakini shuleni kwao nakala zilikuwa chache na zilifungiwa kabatini. Darasa lilisoma maonyesho matatu ya mwanzo, mwalimu akawaambia yaliyobaki wajisomee. Mimi nakala yangu niliikuta gulioni kwa mama muuza karanga. Alikuwa ameanza kuichana kutoka nyuma, anafungia karanga, na nilipomzuia zilikuwa zimekwenda kurasa tisa. Sikujali. Mtu aliyeacha shule huzoea vitu visivyo na mwisho.

Ilianza Jumamosi moja mchana, wakifua sare. Nilikaa mlangoni kwangu nikasoma onyesho la kwanza kwa sauti, bila kuombwa. Hadithi yenyewe ni nyepesi kuishika. Njaa imeingia, na mtemi amemkabidhi mama mmoja, Ng'wana Lushu, ufunguo wa ghala. Amemwapisha asifungue mpaka yeye mtemi aseme. Watu wanakufa, mtoto wake mwenyewe anadhoofu, na kila siku anakaa pale mlangoni na ufunguo shingoni. Nilisoma sauti ya mtemi kwa koo, ya watu kwa meno, na kila nilipofika kwa Ng'wana Lushu nilivuta pumzi kwa pua. Nilipomaliza, Minza alikuwa ameshika shati moja muda wote huo bila kulisugua.

"Endelea, kaka Maduhu," alisema.

"Mwache apumzike," Kabula akasema. "Mtangazaji naye ana mate, yataisha."

Tangu siku hiyo nikaitwa Mtangazaji. Jioni nikirudi kutoka kibandani, jua bado lipo, nilikuta kigoda changu kimeshawekwa karibu na mafiga yao. Walipika ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo mama yake Minza alituma kwenye mfuko wa sukari, au walichemsha michembe, viazi vikavu, tukala na karanga. Mimi nilipewa sahani ya kwanza. Sijawahi, kabla wala baada, kula kwenye nyumba ambayo watu walinyamaza nilipofungua mdomo. Mama Sayi, ambaye hakusoma, aliburuta kiti chake kutoka upande wa pili wa ua, anajifanya anabangua karanga. "Mwadila, bhabha," alinisalimia, halafu kwa ile sauti yake ndogo, "huyo mama jana tumemwacha mlangoni. Mtoto wake amekula?"

Baada ya wiki kadhaa nikafika ukurasa wa mwisho nilionao. Ng'wana Lushu amesimama, ameingiza ufunguo kwenye kufuli, watu nyuma yake. Hapo karatasi inakwisha. Ilikuwa Jumapili alasiri, wametoka kanisani, Kabula bado amevaa viatu vya kuazima. Ningeweza kusema, jamani, kitabu kimekatika. Ni sentensi fupi. Lakini nilitazama zile nyuso tatu, nikaona zimenifungukia mimi peke yangu, na sikuweza kuwa mtu wa kuzifunga. Nikageuza ukurasa, nikarudi nyuma kwa kidole pale walipokuwa hawaoni, nikaendelea "kusoma". Ghala likafunguka, limejaa mpaka juu. Ng'wana Lushu akawapimia watu wote kwa kibuyu kimoja. Mwishoni akaja mtemi mwenyewe, amepanga foleni, amepiga magoti, na mama yule akampimia kibuyu kilekile, si zaidi, si pungufu. Niligeuza kurasa mara nne, najua kwa sababu niliogopa kila mara. Mama Sayi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Minza hakulia, alisema tu, polepole, "Kibuyu kilekile," na nikaona midomo yake inayarudia maneno hayo, anayahifadhi.

Tangu siku hiyo kitabu sikukitoa mkononi. Minza alipokiomba nilimwambia kimelegea, kitatoka kurasa.

Halafu ikaja simu. Kaka yake Kabula, anayefanya kazi Mwanza, alimtumia simu ya kupangusa, kioo kimepasuka kona moja. Shuleni waliambiwa na wenzao kwamba kuna mwalimu wa Dar anafundisha tamthilia mtandaoni kwa video, masomo matano, bure. Bando hawakuwa nalo. Kibandani kwetu kulikuwa na modemu. Kwa hiyo mimi, kwa mikono yangu, ndiye niliyempakua yule mtu, nikamweka kwenye kadi, nikampeleka nyumbani kwenye mfuko wa shati.

Alikuwa na tai nyekundu na ubao mweupe. Hakusoma kwa sauti za watu. Alisema "dhamira", akaipigia mstari, akasema "mgogoro wa nafsi", akaipigia mistari miwili. Alikuwa na rula ndefu ya kuonyeshea. Siku ya kwanza nilicheka. Nilidhani na wao watacheka. Nilipogeuka nikawakuta wameinama juu ya kile kioo kilichopasuka, vichwa vimegusana, Minza anaandika kwa kasi ambayo hajawahi kuandika akinisikiliza mimi. Baada ya mavuno huku kwetu ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, manju wa kila upande anaimba kwa nguvu zake zote, na watu hukimbilia kule kunakonoga. Nimewahi kuona uwanja ukihama kwa dakika moja, manju mmoja akabaki na wapiga ngoma wake tu, bado anaimba, kwa sababu kunyamaza ndiyo ingekuwa aibu kamili. Mtu yule niliwahi kumcheka. Sasa nilikuwa mimi, tena sikuwa hata na wapiga ngoma.

Wivu wa mapenzi niliuonja baadaye kwenye miji mingine, na haukufika hapa. Huu ulikuwa na sura ya mtu. Nilimchukia kwa tai yake, kwa namna alivyofuta ubao bila haraka, kama mtu ambaye hajawahi kusikiliza mlangoni mwa darasa. Nilichukia zaidi kwamba alikuwa anajua. Usiku nilirudia maneno yake chumbani, "mgogoro wa nafsi, mgogoro wa nafsi", nikaona yanakaa vizuri mdomoni, nikachukia hilo pia. Jioni nilikuta kigoda hakijawekwa. Siyo kwamba walinifukuza, walisahau tu. Nilipowaambia yule mwalimu hasomi, anachambua kama mtu anayechambua pamba, Kabula aliangua kicheko.

"Unamwonea wivu mtu wa kwenye simu? Hata hakujui!"

"Mimi simwonei wivu. Nasema hana sauti."

"Sauti haina maksi, Mtangazaji."

Minza aliinua macho kidogo. "Kaka Maduhu alitusomea chote. Huyu anatuonyesha namna ya kukijibu. Kila mtu na kazi yake." Alisema kwa wema, na wema ule ulinichoma kuliko kicheko cha Kabula. Mama Sayi peke yake ndiye aliyebaki upande wangu. "Huyo hajui kuhuzunika," alisema, akarudi na kiti chake upande wa pili wa ua.

Somo la tano nililipakua mchana mmoja kibandani, wateja hakuna, upepo unapiga mabati. Nikasema nilitazame kwanza, nitafute kosa. Nilikuwa na kalamu mkononi. Yule mwalimu akaeleza mwisho. Ng'wana Lushu anafungua ghala mbele ya watu, na ghala ni tupu. Nafaka mtemi aliiuza zamani. Mama amelinda ukuta na giza, na mtoto wake amefia mlangoni pa kitu kisichokuwepo. Watu wanamgeukia yeye, wanasema ndiye aliyekula, wanamfukuza kwa mawe, na pazia linafungwa mtemi akisifiwa kwa kugundua mwizi.

Nilikaa mpaka kompyuta ikazima kioo. Kosa sikuliona. Nilichokiona ni kwamba mwisho ule ulikuwa mkubwa kuliko wangu, mkubwa mno, na mimi nisingeweza kuutunga hata ningepewa mwaka, kwa sababu mimi nilitaka kupendwa na yule aliyeandika hakutaka. Basi wivu wangu ukahama kutoka kwa mwenye tai ukaenda kwa mwandishi, mtu aliyekufa zamani. Jioni ile, Minza aliponiulizia kadi, nilimwambia somo la tano limegoma. Faili bovu. Akauliza kesho yake, nikasema modemu. Akauliza tena, kisha akaacha kuuliza. "Si neno," alisema, "mwisho ninao kichwani."

Najua sasa nilipaswa kufanya nini. Hata siku ile nilijua. Kila asubuhi niliamka na nia ya kumwambia, nikatoka nje, nikamkuta anaosha uso kwenye beseni, akaniamkia, "Mwangaluka, kaka," na ile kaka ilitosha kunifunga mdomo siku nzima. Niliogopa jicho moja tu: lile atakalonitazama nalo akishajua. Kwa ajili ya jicho hilo niliuweka mtihani wake rehani.

Ikafika mitihani ya majaribio, ile wanayoiita moko. Swali la tamthilia likaja, na likaja kwenye mwisho hasa. Kabula, ambaye hakuushika vizuri mwisho wowote, aliandika machache kwa kubahatisha. Minza aliandika kurasa tatu. Aliandika ghala lililojaa, foleni, magoti ya mtemi, kibuyu kilekile, na chini akaandika dhamira kwa maneno ya yule mwalimu wa tai, yamenyooka kabisa, juu ya hadithi isiyokuwepo. Mwalimu wao aliisoma karatasi ile mbele ya darasa zima. Hakuisoma kwa ubaya, Kabula alinisimulia. Alianza kwa kudhani kuna ukurasa ameuruka, mpaka darasa likaanza kucheka naye akacheka. Na Minza, ambaye hajawahi kubishana na mtu mzima, alisimama.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyekosea. Mimi nimesomewa kitabu chenyewe. Nilimwona anageuza kurasa."

Walimpa adhabu ya kufyeka nyasi kwa kosa la kiburi. Alirudi jioni mikono imetoka malengelenge, akakuta nimesimama mlangoni na kadi mkononi. Kabula alikuwa ametangulia kunieleza. Nilimpa kadi. Aliiingiza kwenye simu pale pale kwenye mafiga, amesimama, mwiko katika mkono mwingine, akatazama somo la tano mpaka mwisho. Ugali uliungua. Hakuna aliyeugusa. Halafu akanyoosha mkono bila kunitazama, na safari hii nikampa kitabu. Akafungua nyuma. Akapitisha kidole kwenye uzi, pale kurasa zilipochanwa, akakipitisha tena.

"Kumbe na wewe ghala lako lilikuwa tupu, kaka Maduhu."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili. Alinirudishia kitabu, akakwangua ukoko wa ugali, akaanza kuteleka maji upya. Kabula, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa, aliutazama moto. Kutoka upande wa pili wa ua Mama Sayi akauliza kuna nini, na ikabidi nimweleze mimi, kwa mdomo uleule. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi wa kwenye simu ni wa kweli," alisema. "Nimekubali. Ila wa kwako ulikuwa na chakula." Alitaka kunifariji, na ndilo neno lililonifanya nilie.

Ningebaki ningeweza kuwasaidia. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kabla ya mtihani wenyewe. Ningewapakulia masomo mengine, ningekaa kwenye kigoda nikamhoji Minza maswali, dhamira, mgogoro, wahusika. Badala yake nilifanya nilichokifanya kwenye kila mji: nilifunga mifuko yangu miwili. Asubuhi nilipoondoka Minza alikuwa kwenye beseni. Nilisema, "Mwangaluka." Akaitikia kwa heshima, "Mwangaluka, bhabha," kama anavyomwitikia yeyote apitaye njiani. Kaka ilikuwa imekwisha. Nikaenda Lamadi, nikaenda Musoma, nikauza mitumba, nikachimba visima, nikapika kwenye kambi ya wajenga barabara. Kila mwaka matokeo yalipotoka nilikaa mbali na redio.

Ndiyo maana chapati ilibaki mkononi pale Malampaka. Minza kwenye simu alikuwa amenenepa kidogo usoni, amevaa miwani, nyuma yake ubao mweusi wa kawaida wenye vumbi la chaki. Binti aliniambia huyo ni mwalimu wa sekondari, wanafunzi wengi wanamfuata kwa sababu akieleza unaona watu. Nilisikia kitulizo kikishuka tumboni kama chai ya moto, na juu ya kitulizo, sitaficha, nilisikia wivu, uleule, haujazeeka hata siku moja. Sauti ya mtemi alikuwa anaitoa kooni. Sauti ya watu, menoni. Alikuwa na uwanja mzima, na rula pia alikuwa nayo.

"Baba, unataka kuona?" binti akaniuliza, akaisogeza simu.

Nikaona. Minza akafika mwisho. Ufunguo, kufuli, ghala tupu, mawe, mtemi anasifiwa. Hakuruka neno. "Huo ndio mwisho wa kitabu," alisema, "na huo ndio mtakaouandika." Akaweka chaki chini, akapangusa vidole. Nikadhani amemaliza. "Uko mwisho mwingine, nilisomewa zamani nikiwa mwanafunzi kama ninyi. Ule ni mtamu zaidi. Lakini hauna maksi, kwa hiyo nauacha kwa mwenyewe." Akageuka ubaoni, akaandika Swali la Kwanza.

"Mwisho gani tena huo?" binti akaiambia simu kwa hasira. "Si aseme! Sasa atatuacha hivi hivi?"

Nje dereva wa lori alipiga honi, mara mbili, halafu mara ndefu. Mwisho wangu ulikuwa umeshanijaa mdomoni, foleni, magoti, kibuyu kilekile. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kwa pua.

"Mtihani wenu lini?" nikamuuliza.

"Tunaanza Jumatatu. Fasihi ni ile wiki ya pili."

"Andika wa mwalimu. Neno kwa neno. Ukishatoka kwenye chumba cha mtihani, njoo hapa uniulize mimi."

Akanitazama, akatazama mfuko wangu wa nguo mlangoni, akatazama barabara. "Kwani utakuwepo, baba?"

Sijawahi kukaa Malampaka, na tangu Bariadi sikumbuki nilipokaa wiki mbili kwa kuahidi. Nikanywa chai iliyobaki, nikatoka, nikamwambia dereva anishushie ule mfuko wa vitabu.